Historia ya kambi ya mkonge: waanze nani, na sauti zibaki wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge ambalo korona yake, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, ilisimama zamani. Babu aliletwa kutoka Kasulu akiwa manamba, mfanyakazi wa mkataba. Alishafariki, ila bibi yupo na anakaribia miaka 90. Tumejikusanya watu sita, tunataka kuandika historia ya kambi yetu kabla wazee hawajatuishia. Mwenzetu mmoja anasema tuwaite watu wa chuo kikuu na makumbusho waje kutuongoza. Mwingine anasema wakija watakusanya kila kitu na kuondoka nacho. Tuanzie wapi, na tushirikiane nao vipi?

JIBU: Mwalimu, pokea salamu, na umfikishie bibi shikamoo yangu.

Wenzako wote wawili wana hoja. Wataalamu waiteni, ila wasiwe wa kwanza kufika. Wakikuta kambi imeshajiuliza inataka kujua nini juu yake yenyewe, watasaidia. Wakikuta hamjajiuliza, watakuja na maswali yao, nanyi mtakuwa watu wa kuwapangia viti na kuwaonyesha njia ya kwenda kwa wazee.

Mfano mkubwa tulio nao nchini ni wa mwaka 1968. Wanafunzi wa historia pale Dar es Salaam walitumwa warudi sehemu zao wakawahoji wazee juu ya Vita vya Majimaji, vile vya 1905 hadi 1907. Miongoni mwa wanahistoria waliokuwa nyuma ya kazi hiyo ni John Iliffe na G. C. K. Gwassa. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Kabla yake vita vile vilielezwa zaidi kwa makaratasi ya Wajerumani, na hapo ndipo sauti za wenyewe zilipoingia. Lakini ripoti ziliandikwa kwa Kiingereza na makazi yake yakawa maktaba za vyuo. Mjukuu wa mzee aliyesimulia hana njia nyepesi ya kusoma alichosema babu yake. Historia iliokolewa, ila ikaokolewa mbali na nyumbani.

Nasema hivi nikijua uzito wake, kwa sababu nami nimelifanya kosa hilo. Miaka mingi iliyopita niliwarekodi wazee 11 katika kijiji kimoja cha pwani nikaahidi kuwarudishia sauti zao. Nilirudi baada ya miaka mitatu, na wanne walikuwa wameshazikwa. Binti wa mmoja wao aliniuliza sauti ya baba yake iko wapi. Ilikuwa Dar es Salaam, kabatini, kwenye kanda, na mashine ya kuichezea ilikuwa imeharibika. Ilinichukua miezi saba kumpelekea. Tangu siku ile nina kanuni moja, na ndiyo ninayotaka muishike kuliko nyingine zote nitakazoandika hapa: sauti irudi kwa aliyeitoa kabla hamjamfuata msimulizi mwingine. Wiki hii mmemrekodi mzee. Wiki ijayo mnarudi na simu na spika ndogo, mnakaa naye barazani, anajisikiliza, anasahihisha. Mkishindwa kuwarudia watano, msiende kwa wa sita.

Mtaona faida mara moja. Mzee akijisikia mwenyewe hukumbuka aliyoyaruka. Jirani akipita, naye huketi kusikiliza, huguna, kisha husema, "Hapo umekosea, korona ilikuwa bado haijafungwa." Hapo ndipo historia ya kambi inapoanza kuandikika, pale watu wawili wanapopishana mbele yenu na ninyi mnarekodi wote wawili.

Kabla ya kinasa sauti, hata hivyo, kuna jambo la ardhi. Kwenye mashamba ya mkonge hili ndilo linaloua miradi kama wenu. Watu wameishi kambini miaka 50 au 60 katika nyumba zisizo zao, kwenye shamba lililopita mikono kadhaa. Siku mtakapoonekana na karatasi, kamera na watu wanaoonyesha vidole, habari itakayoenea ni moja: "Wanapima." Wengine watatumaini kwamba mnawatafutia viwanja, wengine wataogopa kwamba mnawaandikia barua ya kuondoka. Wote watasimulia kwa kuangalia matumaini hayo au hofu hiyo, na mtakachopata kitakuwa ushahidi wa kesi ambayo haijafunguliwa.

Kwa hiyo andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, na nyingine kwa uongozi wa shamba kama upo. Ombeni dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji na mseme wazi, kwa maneno ambayo hata asiyehudhuria atayarudia sawasawa: hatupimi, hatugawi, hatuandikishi madai, hatuna mfadhili. Msitumie GPS mwaka wa kwanza. Ramani mnayoihitaji ni ya kumbukumbu, ile ya kuchorwa kwa kalamu kwenye karatasi kubwa iliyotandikwa juu ya mkeka: nyumba za wanyapara zilikuwa wapi, duka lilikuwa wapi, reli ndogo ya matoroli ilipita wapi, kisima, zahanati, kilabu cha pombe, makaburi. Nimeona ramani ya namna hiyo ikitoa habari nyingi kuliko mahojiano kumi, maana mtu asiyejua kusimulia anajua kuonyesha.

Msianze na "historia ya mkonge". Hiyo imeshaandikwa. Inajulikana kwamba mwaka 1893 Mjerumani Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Inajulikana kwamba reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo, kwamba mwaka 1964 nchi ilitoa tani zinazokaribia 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na kwamba mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Mkiyarudia hayo mtakuwa mmenakili vitabu. Ambacho hakuna mwingine awezaye kuandika ni nani aliwaamsha watu alfajiri na kwa kugonga nini, wanawake wa kuanika singa walimwachia nani watoto, Waha na Wabena na Wamakonde walitaniana vipi, nani aliongoza ngoma ya mganda Jumapili, nani alimzika mtu ambaye hakuna aliyejua kwao. Chukueni kambi moja. Ikiwezekana chukueni kitu kimoja ndani yake: korona, au shule, au makaburi. Kitu kidogo kikiisha vizuri kinavuta kingine.

Na tafadhali, msiwasahau Wabondei. Historia nyingi za kambi nilizozisoma zinaanza siku lori la manamba liliposhusha watu, kana kwamba pale palikuwa pori tupu. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na wajukuu wao wapo vijiji vya jirani. Wana maneno yao juu ya shamba na juu ya wageni walioletwa, na si yote matamu. Wekeni angalau mtu mmoja wa kijiji cha jirani ndani ya kamati yenu tangu mwanzo, asiwe mgeni mwalikwa. Makarani wa zamani nao watafuteni, na wenye maduka, na wauguzi. Mkiwahoji wakata mkonge peke yao mtapata kambi ya wakata mkonge.

Kuhusu neno "manamba": umeliandika kwa kawaida tu, na mimi nalitumia, lakini msilitamke mbele ya mzee kabla yeye hajalitamka. Lilitokana na namba waliyopewa watu wakati wa kuandikishwa, na wako waliotukanwa kwalo mpaka utu uzima. Wengine hulibeba kwa fahari. Muulizeni: "Watu waliokuja kwa mkataba mlikuwa mnajiitaje?" Jibu lake lenyewe ni historia.

Sasa mahojiano. Mzee hakumbuki mwaka, anakumbuka alikuwa nani mwaka huo. Ukimuuliza bibi "ilikuwa mwaka gani?" atakutajia wowote ili akuridhishe. Muulize mtoto gani alikuwa mgongoni. Huyo mtoto leo ana umri unaojulikana, na mwaka umepatikana. Kwa wanaume, uliza kama alikuwa ameshaoa, kama kipande chake, ile kadi ya kazi, kilikuwa bado cha mkataba au ameshaajiriwa papo kwa papo. Kisha funga kwenye matukio makubwa: vita vya Hitler, Uhuru wa 1961, Azimio la 1967, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Nino za 1997 na 1998.

Nikupe mfano mmoja wa namna kumbukumbu na karatasi zinavyosaidiana, kwa kuwa unaihusu familia yako. Wazee wengi waliotoka Kigoma husema, "Tulipanda treni kwetu tukashukia Korogwe." Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa mpaka mwaka 1963, ilipokamilika njia ya Ruvu hadi Mnyusi. Aliyekuja kabla ya hapo hakuweza kufika Korogwe kwa treni moja kwa moja. Je, mzee anadanganya? Hapana. Huenda anachanganya safari ya kwanza na ile aliyorudi likizo na mke miaka ya baadaye. Usimwambie "haiwezekani". Muulize: "Treni mliiacha wapi, mkaendelea na nini?" Ghafla atakumbuka lori, vumbi, kambi ya kulala njiani, chakula walichopewa, mwenzake aliyeugua. Swali moja litokanalo na ratiba ya reli limefungua saa nzima ya habari. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria ninayoipenda, na ndiyo sababu sikushauri mfanye bila wataalamu kabisa.

Vifaa visiwatishe. Simu nzuri inatosha. Iwekeni hali ya ndegeni isije ikaita katikati, ilazeni juu ya khanga iliyokunjwa ili meza isitoe mlio, kaeni mbali na redio na mabati wakati wa mvua. Mwanzoni msemaji wenu ataje tarehe, mahali na waliopo. Picha za zamani msizichukue kwenda nazo. Zipigeni palepale barazani, kwenye mwanga wa kivuli, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma mara nyingi pana maandishi. Walioko Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya watawatumia picha kwa WhatsApp. Waambieni wazitume kama faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora na hazitachapika. Msimlipe mtu kwa kusimulia, masimulizi yataanza kurefushwa. Lakini hamwendi kwa mzee mikono mitupu pia: sukari na sabuni ni adabu, wala si malipo.

Ridhaa iombeni mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya mzee kujisikia. Mpeni njia tatu: isikike na yeyote, isikike hapa kambini tu, au ifungwe mpaka atakapofariki. Asiyejua kuandika atamke kwenye rekodi yenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vizuri mjue ipo, ingawa mimi ningefanya hivyo hata isingekuwepo. Yatatajwa mambo mazito: watoto wa nje, waliosingiziwa uchawi, mnyapara aliyepiga watu na wajukuu wake ni majirani zenu leo. Yahifadhini yote, chapisheni kwa hekima. Jina la marehemu aliyefanya ubaya linaweza kubaki kwenye rekodi iliyofungwa, na kwenye maandishi mkasema "mnyapara mmoja".

Makaburi nendeni mwishoni, mkiwa mmeshaaminika. Makambini kuna makaburi mengi yasiyo na jina, na wazee wachache bado wanajua yupi yuko wapi. Nendeni nao asubuhi, na mtu wa kuomba dua na mtu wa kusali, kwa sababu waliolala pale ni wa dini zote. Andikeni majina papo hapo. Hili ningelifanya hata kama mradi mzima ungekwama.

Nikirudi kwa wataalamu. Mkishakuwa na ramani ya mkeka, rekodi nane au kumi zilizorudishwa, na orodha ya maswali ambayo wazee hawakuweza kuyajibu, hapo waandikieni. Mkiwa na swali linaloeleweka, kama vile "Shamba letu lilikuwa la nani kati ya 1945 na 1967, na lilikuwa na wafanyakazi wangapi?", mtajibiwa. Barua inayosema "tunaomba msaada wa historia" hukaa mezani.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya serikali ya Waingereza ya Jimbo la Tanga na ya idara ya kazi, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, yaani maofisa wa wilaya wa kikoloni, waliandika waliyoyaona. Someni humo habari za SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944 kuandikisha watu mikoani, na za migomo ya miaka ya 1950, kama ule wa Mazinde wa 1958. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa vitabu na majarida ya Afrika Mashariki, likiwemo lile liitwalo Tanganyika Notes and Records lililoanza 1936. Chama cha Historia Tanzania, kilichoanzishwa 1966, kimekuwa njia ya walimu na wanahistoria kukutana, na wewe ni mwalimu, huendi kama mwombaji. Karibu zaidi, Tanga mjini, kuna Bodi ya Mkonge, na kuna kituo cha Urithi kwenye boma la zamani, chenye picha za mji na mkoa. Waalikeni waje kutazama ramani yenu, kisha ombeni nakala za walicho nacho.

Na kabla ya zote hizo, ofisi ya shamba lenyewe. Daftari za mishahara, orodha za kambi na kadi za vipande mara nyingi zimerundikwa stoo, mchwa na mvua vikizimaliza. Ombeni ruhusa ya kuzipiga picha leo, kwa maana meneja ajaye anaweza kutaka stoo yake ikiwa safi. Waulizeni na wazee: wengi wana kipande cha zamani ndani ya sanduku la bati, pamoja na cheti cha ubatizo au barua ya talaka.

Mkianza kushirikiana na taasisi yoyote, iandikwe karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye mambo haya: rekodi za asili ni mali ya kambi, taasisi inapata nakala, atakayechapisha awape wasimulizi nafasi ya kuyasoma au kusomewa kwanza, kitakachoandikwa kwa lugha nyingine kiwe na muhtasari wa Kiswahili utakaoletwa kijijini, na majina yenu yaonekane kama waandishi pale mlipoandika. Mtafiti akitoka nje ya nchi, muombeni awaonyeshe kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anayeyakubali hayo bila kununa, mkaribisheni hadi jikoni. Anayesema "hayo tutazungumza baadaye", mpeni chai aondoke salama.

Nakala ziwe tatu mahali patatu: diski ya nje shuleni, nyingine kwa mjumbe wa kamati anayeishi kambi nyingine au mjini, na ya tatu kwenye taasisi mliyoichagua. Kila faili ianze na tarehe, kisha kambi, kisha namba ya msimulizi, na daftari moja la karatasi lenye orodha ya namba na majina. Simu huibiwa, diski hufa, daftari la kurasa 96 linakaa.

Msione haya kuwa wa kuandika wenyewe, tena kwa Kiswahili chenu. Wilaya yenu ina historia ndefu ya jambo hilo: habari za watawala wa Usambara alizoziandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili zilichapwa kwenye kiwanda cha misheni pale Magila, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kijitabu cha kurasa 40, kilichorudufiwa Muheza mjini na kugawiwa kila nyumba iliyosimulia, kinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Limebaki moja, la bibi. Nakushauri aanze yeye, kwa umri wake, ila usimhoji wewe. Kwako ataruka mengi, mengine akidhani unayajua, mengine kwa kuwa wewe ni mjukuu na kuna mambo mjukuu haambiwi. Mtume mwenzako, mwanamke kama yumo kati ya hao sita, aende asubuhi kabla jua halijamchosha, asizidi saa moja. Wewe kaa nje uchambue mchele au utengeneze uzio. Wiki inayofuata ndipo uingie na spika, umketie miguuni, msikilize wote wawili.